Kofia, soksi na vizibao vya watoto njiti: mwongozo kwa wafumaji wa Moshi na Arusha

Ukiingia nyumba nyingi za Uchaggani au za mitaa ya Arusha utakuta vitambaa vya kufuma juu ya makochi, juu ya redio, juu ya kila kinachoweza kufunikwa. Mikono iliyofuma vitambaa hivyo bado ipo, na wodi za watoto wachanga zinaihitaji, hasa msimu wa kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti. Usiku wa Julai joto la Arusha hushuka hadi karibu nyuzi 12. Kule juu Kibosho, Machame na Marangu, ukungu ukishuka, baridi huwa kali zaidi.

Nimeandika mwongozo huu kwa anayejua kushika sindano au kroshia lakini hajawahi kufuma kwa ajili ya hospitali. Nguo ya msaada napima kwa mambo mawili: imkae mtoto aliyekusudiwa, na ivumilie dobi wa hospitali. Uzuri wa mtindo unafuata baada ya hapo.

Kwa nini mtoto njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ana ngozi nyembamba na mafuta machache chini yake. Hawezi kutetemeka ili ajipashe joto kama mtu mzima. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto jingi hupotelea hapo. Shirika la Afya Duniani linataka joto la mwili wa mtoto mchanga liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo mtoto ameshapoa, hata kama mama haoni dalili yoyote. Mtoto aliyepoa hutumia nguvu zake kutafuta joto, wakati alipaswa kuzitumia kunyonya na kukua.

Wodini tiba kubwa ya baridi ni kifua cha mama. Njia ya kangaroo ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978: mtoto analala wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitambaa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, na mtoto akae hivyo kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Mtoto akiwa hapo kifuani huvaa nepi, kofia na soksi, basi. Ndiyo maana nguo zetu lazima zikubaliane na kangaroo. Sweta zuri lililofungwa hadi shingoni linamtenga mtoto na ngozi ya mama yake, na hapo msaada wako umegeuka kizuizi.

Kabla ya kununua uzi, uliza

Moshi kuna KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, na Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Arusha kuna Mount Meru. Ziko pia hospitali za wilaya na za mashirika ya dini ambazo watu huzisahau, na huko mara nyingi ndiko kofia moja inaonekana thamani yake. Chagua moja iliyo karibu nawe, kwa sababu utarudi tena na tena.

Nenda saa za mchana kazi inapotulia, si asubuhi wakati wa mzunguko wa madaktari. Omba kuonana na muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto wachanga, au pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mazungumzo hayahitaji barua ndefu:

"Shikamoo sista. Sisi ni kina mama wa jumuiya, tunafuma. Tungependa kujua watoto wenu wanapungukiwa nini."

"Marahaba. Kofia ndogo. Zinazoletwa nyingi ni za mtoto wa miezi mitatu, zinawafunika mpaka mdomo."

Jibu la namna hiyo utalisikia mara nyingi. Muulize na haya: nguo zinafuliwaje, kwa maji ya moto au baridi? Wanatumia jiki? Nguo hubaki wodini au mtoto huondoka nayo? Kama inabaki wodini, itafuliwa mara nyingi sana na uzi lazima uwe imara. Kama mtoto anaondoka nayo, unaweza kutumia uzi laini unaohitaji kufuliwa kwa uangalifu, ila umweleze mama.

Uzi

Hapa nitakaa kidogo, maana kazi nyingi zinaharibikia kwenye uzi.

Sufu ya kondoo ni ya joto sana, lakini kwa wodi siipendekezi. Maji ya moto huifanya igande na kusinyaa. Kofia ya mtoto inarudi kutoka kwa dobi ikiwa ya mwanasesere. Jiki ndiyo inaila kabisa. Akriliki laini inafuliwa kirahisi, inakauka upesi, na madukani ndiyo rahisi kupatikana, ila haitaki pasi ya moto. Pamba inavumilia maji ya moto kuliko zote na haiwashi ngozi, ingawa haina joto la sufu na hukawia kukauka. Mimi hutumia akriliki kwa kofia na soksi, pamba kwa vizibao. Uzi wenye manyoya marefu, wenye kumetameta au unaomwaga vumbi usiuguse kabisa kwa kazi hii. Vile vinyweleo huingia puani na mdomoni kwa mtoto.

Uzi mpya ni ghali ukinunua wa kikundi kizima, na hapo ndipo mitumba inatusaidia. Sokoni Memorial pale Moshi, au Kilombero Arusha, kuna masweta ya watu wazima ambayo hayauziki kwa sababu yamepitwa na mtindo au yana doa kifuani. Sweta la gramu 300 linaweza kutoa kofia kumi na zaidi, kwa kuwa kofia ya mtoto mchanga hula gramu 20 hadi 25 tu.

Si kila sweta linafumuka, kwa hiyo usilipe kabla hujaligeuza ndani nje. Tazama mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi mwembamba wa ovaloki, lirudishe: limekatwa kutoka kwenye kitambaa, na ukilifumua utapata vipande vya urefu wa mstari mmoja mmoja. Unachotafuta ni mshono ambao kingo zake mbili ni mnyororo safi wa vitanzi, bila sehemu iliyokatwa, zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoweza kuukata na kuuvuta. Vuta pia kitambaa kidogo kwa vidole. Kama nyuzi zimeshikana na hazionyeshi vitanzi, ni sufu iliyokwisha kuganda, haitafumuka. Muuzaji akikwambia "dada chukua tu, ni gredi A", mshukuru na uendelee kugeuza.

Lebo ikiwa imekatwa, kata uzi mfupi ushike kwa koleo au kibano juu ya sahani ya bati, uuchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima wenyewe, na majivu yanasagika. Pamba inawaka kama karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Usikiguse mpaka kipoe.

Nyumbani, kata mishono, anza kufumua kutoka juu, kwenye shingo au bega, kwa sababu masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti upate mkufu mkubwa, ufunge sehemu nne kwa kamba fupi, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kisha utundike kivulini na chupa ya maji ikining'inia chini yake. Ukikauka, mawimbi yote yamenyooka. Uzi wa rangi kali, hasa nyekundu na bluu iliyokolea, uubonyeze ukiwa na maji kwenye kitambaa cheupe kwanza. Ukiacha rangi, utumie kwa kazi nyingine.

Kofia ya sindano mbili

Sindano ni za milimita 4, uzi wa unene wa kati, ule ambao vitanzi 22 hutoa sentimita 10. Fuma kipande cha majaribio upime kwa futi. Najua wengi wenye uzoefu huruka hatua hii, lakini kwenye kichwa chenye mzunguko wa sentimita 25 tofauti ya sentimita mbili ni kubwa.

Kofia hufumwa ndogo kidogo kuliko kichwa ili inyumbuke na kushika. Anzisha vitanzi 48 kwa kichwa cha sentimita 24 hadi 26, vitanzi 60 kwa sentimita 28 hadi 31, vitanzi 72 kwa mtoto aliyetimiza miezi tumboni, mwenye sentimita 33 hadi 36. Anzisha kwa mkono mlegevu. Ukingo uliokazwa huacha alama kwenye paji la uso.

1. Fuma ukingo wa kunyumbuka: kitanzi kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma, hadi mwisho wa mstari. Endelea hivyo sentimita 4 kwa kofia ndogo, 5 kwa nyingine.

2. Badili ufume mstari mmoja wote wa mbele na mstari wa kurudi wote wa nyuma, hadi kipande kiwe na urefu wa sentimita 8 kwa kofia ya vitanzi 48, sentimita 10 kwa ya 60, sentimita 12 kwa ya 72. Pima kutoka ukingo wa chini kabisa.

3. Sasa punguza. Fuma vitanzi vinne, kisha viwili kwa pamoja, rudia hadi mwisho. Rudi kwa mstari wa nyuma bila kupunguza. Mstari unaofuata fuma vitatu, viwili pamoja. Rudi. Kisha viwili, viwili pamoja. Rudi. Kisha kimoja, viwili pamoja. Rudi. Mwisho fuma viwili viwili pamoja mstari mzima. Utabaki na vitanzi 8, 10 au 12 kulingana na ulivyoanza.

4. Kata uzi ukiacha urefu wa mkono, upitishe kwa sindano butu kwenye vitanzi vyote, vuta mpaka tundu lijifunge, pitisha mara ya pili. Shona ubavu kutoka nje, ukiokota kijimstari kimoja upande huu na kimoja upande ule, ili kingo zikutane bila kufanya tuta. Mtoto wa kangaroo hulaza shavu kifuani saa nyingi. Tuta la mshono litamwachia mchubuko.

Usifunge fundo popote. Ncha ya uzi irudishe ndani ya vitanzi kwa sentimita 5, kisha geuza uelekeo urudi tena. Na usiweke kishada juu, wala ua, wala utepe wa kufungia chini ya kidevu. Kishada huishia mdomoni, na utepe ni hatari shingoni.

Kwa wanaotumia kroshia

Kroshia hainyumbuki kama sindano, kwa hiyo chukua ya milimita 4.5 kwa uzi uleule. Piga cheni tatu, ziunge ziwe duara. Nguzo ninayotumia hapa ni ile ya urefu wa kati: zungusha uzi mara moja kwenye kroshia, ingiza, vuta uzi upate vitanzi vitatu, kisha vuta uzi upite vyote vitatu kwa mkupuo. Piga nguzo 9 ndani ya duara. Mzunguko wa pili piga mbili kwenye kila nguzo, zitakuwa 18. Wa tatu ongeza moja kila baada ya nguzo moja, ziwe 27, wa nne kila baada ya mbili, ziwe 36. Kwa kofia ndogo kabisa acha kuongeza hapo. Ya kati nenda hadi 45, ya mtoto aliyetimiza miezi hadi 54. Endelea kuzunguka bila kuongeza mpaka kofia iwe na kina cha sentimita 10, 12 au 14 kutoka utosini.

Acha mitindo ya matundu kwa ajili ya vitambaa vya meza. Baridi inapita, na kidole cha mtoto kinaweza kunasa humo kikakosa damu.

Kizibao cha kangaroo na soksi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 unasema chumba kikiwa chini ya nyuzi 22 mtoto wa kangaroo aongezewe kizibao cha pamba kisicho na mikono, kilicho wazi mbele. Wodi zetu za Julai zinafika hapo kirahisi usiku, na nguo hii hailetwi na watu, pengine kwa sababu ukiiona mezani unadhani haijaisha.

Fuma yote kwa vitanzi vya mbele, kwenda na kurudi. Anzisha vitanzi 30, fuma sentimita 14, huo ndio mgongo. Kisha fuma vitanzi 11, funga 8 vya katikati kwa ajili ya shingo, malizia 11 vilivyobaki. Endelea na kila upande peke yake kwa sentimita 14 na ufunge. Kunja begani, shona mbavu sentimita 8 kutoka chini, ukiacha 6 za mkono. Mbele kitabaki na uwazi wa sentimita 4 hivi. Uwazi huo ndio kazi yake: kifua cha mtoto kinagusa cha mama, mgongo umefunikwa. Usiweke kifungo. Kitenge cha mama kitashika kila kitu.

Soksi ni mirija tu, bila kisigino, kwa sababu mguu wa njiti hukua na kisigino hakikai mahali pake. Anzisha vitanzi 28, fuma kimoja mbele kimoja nyuma sentimita 10, mstari wa mwisho fuma viwili viwili pamoja, vuta uzi, shona. Usitie lastiki. Kabla hujaiweka kwenye fungu, igeuze ndani nje upitishe kidole kote. Uzi wowote unaolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu.

Kikundi kikiwa kikubwa

Wanaoanza wape viraba vya sentimita 20 kwa 20. Viraba 20, vinne kwa vitano, vinatoa blanketi la sentimita 80 kwa 100, linalotosha kumfunika mama mabegani akiwa amembeba mtoto kifuani. Bibi zetu wengi hawaoni tena vitanzi vidogo vya kofia, lakini kiraba wanakifuma huku wanapiga soga, na wanakagua kazi ya vijana vizuri kuliko mtu yeyote. Mmoja tu awe na jukumu la kuunganisha, kwa uzi mmoja, ili blanketi lisikunjike.

Sufu uliyoikwepa kwa ajili ya wodi usiitupe. Ifume kofia na glavu za wapagazi wa Kilimanjaro, kwa sababu sufu hubaki na joto hata ikilowa, na kwenye njia ya kupanda mita 5,895 hilo ni jambo kubwa. Pamba usimpe mpagazi.

Kufua, kufunga, kupeleka

Fua kila kitu hata kama uzi ulikuwa mpya, kwa sabuni isiyo na manukato, suuza mara mbili, anika kwenye kamba mpaka zikauke kabisa. Kipande cha kwanza cha kila aina ya uzi kifue jinsi hospitali inavyofua, maji ya moto na yote, uone kinatokaje.

Panga kwa ukubwa kwenye mifuko inayoonyesha ndani, na juu ya kila mfuko andika sentimita za kichwa. "Ndogo" na "kubwa" hazimsaidii nesi wa zamu ya usiku mwenye mtoto wa kilo moja na nusu mkononi. Andika na aina ya uzi, ili dobi ajue.

Mkabidhi muuguzi mfawidhi, naye atagawa. Usiombe kupiga picha na kina mama wodini. Wengi wako kwenye siku ngumu kuliko zote walizowahi kuziona, na si rahisi kumkatalia mtu aliyekuja na zawadi. Kikundi kikihitaji kumbukumbu, piga picha ya kofia zikiwa mezani kabla ya kuondoka nyumbani. Mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi, akisharudi nyumbani, hahitaji kulala na kofia ndani ya chumba chenye joto, kwa hiyo muulize muuguzi kina mama wanaelekezwa nini, na wewe useme hivyohivyo ukiulizwa.

Rudi baada ya mwezi. Uliza ukubwa upi uliisha kwanza na kipi kiliharibika dobini. Mfuko unaofuata uanze na huo ulioisha.